Tairi Niliyoipiga Teke

Moraa mwanangu,

Barua huandikiwa mtu aliye mbali, na wewe hapo ulipo nakusikia. Uko jikoni na mama yako na shangazi zako, mnacheka jambo ambalo nikisogea tu mtalinyamazia. Jua limetua, Sabato tumeifunga kwa wimbo, nyumba imejaa watu waliokuja kukuaga, na mimi mwenye nyumba nimekosa hata kigoda. Basi nimekuja kukaa ndani ya pikapu. Nimeweka karatasi juu ya usukani na naandika kwa kitaa hiki kidogo cha darini. Betri ikilala, kesho mtasukuma nyinyi, maana nyinyi ndio mlionifukuza nyumbani kwangu.

Utashangaa kwa nini nakuandikia kwa Kiswahili. Kiswahili hapa kwetu tunakiachia soko na ofisi ya chifu. Lakini kuna mambo ambayo kwa lugha yetu mdomo wangu hauwezi kuyatoa mbele ya binti yangu. Unazijua chinsoni, zile haya tulizolelewa nazo: baba haingii chumba cha binti aliyekua, mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni, na hakuna anayetaja habari za mwili wake mbele ya watoto aliowazaa. Kiswahili mimi nilikijifunzia garajini, kwa watu waliolala chini ya magari wamepakaa grisi mpaka masikioni, na kila kitu walikitaja kwa jina lake bila kupepesa jicho. Kwa Kiswahili naweza kuthubutu. Na barua hii, uniwie radhi mama, ina habari za suruali yangu.

Mambo ya blanketi, maji ya kuchemsha na wanaume, mama yako ameshakueleza, tena nimemsikia akirudia. Mambo ya sindano na wazazi umesomea, siwezi kukufundisha. Mimi ninachojua ni gari. Ile barua ya kazi iliposema kwamba huko Kaskazini utapewa Landrova ya zahanati, uiendeshe mwenyewe kutoka kituo hadi kituo, baba yako mdogo alicheka mpaka chai ikampalia. Mimi sikucheka. Nilikutoa siku ya pili yake tukaenda uwanja wa shule, nikakufundisha klachi, nikakufundisha kurudi nyuma, nikakufundisha kuondoka mlimani bila gari kuteleza, na ulipomwogopesha yule ng'ombe wa mwalimu sikukugombeza sana. Umeshika haraka kuliko mimi nilivyoshika.

Ila kuna kitu kimoja sikukufundisha. Kila tulipofika kwenye tairi nilikuambia, "Wacha hiyo, nitafanya mwenyewe." Nadhani ulifikiri nauhurumia mkono wako wa kushoto, huo usionyooka kwenye kiwiko. Haikuwa huruma. Nilikuwa nakimbia maswali yako, kwa sababu huo mkono na tairi ni habari moja.

Wewe unajua kwamba mkono wako ulivunjika kwa sababu nyanya yako, mama wa mama yako, alikaa mbele katika gari pamoja na mimi mkwe wake. Ndivyo ulivyoambiwa. Hapa kwetu wote wanajua hivyo. Mwiko ulivunjwa, gari likaanguka, mtoto akaumia. Nyanya yako akatozwa mbuzi wa kusafisha jambo lile, wazee wa pande zote mbili wakala, na tangu siku ile hajakanyaga hapa kwetu. Sasa nikuambie ilivyokuwa, na ukinidharau nimestahili.

Ulikuwa mdogo, meno ya mbele yameng'oka yote. Mama yako alikuwa amejifungua ndugu yako, na wewe tulikuwa tumekupeleka kwa nyanya yako huko Nyamira ili mama apumzike. Ikawa niende kuwachukua wote wawili, wewe na yeye, aje ampikie binti yake uji wa wimbi kama desturi. Wakati ule nilikuwa nabeba mawe laini kutoka machimbo ya Tabaka, nikiyapeleka mjini Kisii kwa wanunuzi wa vinyago. Mawe yale watu husema ni laini, ndiyo, ni laini kwa kisu. Kwa gari ni mawe tu. Jioni ya kuamkia siku hiyo nilirudi na pikapu limechoka, na kabla ya kulala nikatoa kipimo changu cha upepo nikapima.

Nilikuwa najivuna na kile kipimo, Moraa. Madereva wengine wote walikuwa wanapiga tairi kwa kipande cha chuma na kusikiliza mlio. Mimi nilikuwa na kipimo cha dukani, kirefu kama kalamu, kina kijiti cheupe kinachochomoza na kusoma pauni. Nikakisoma, nikaona pauni zimezidi. Nikajiambia, kesho sina mawe, naenda kubeba binadamu, hebu nipunguze. Nikabonyeza valvu, pssss, tairi zote nne. Nikaenda kulala nimeridhika kama mtu aliyetoa sadaka.

Hilo ndilo kosa la kwanza, na ni la ujinga, kwa hiyo lijue lisikupate. Tairi zilikuwa moto. Zilikuwa zimetoka kutembea na mzigo siku nzima, na upepo wenye joto huvimba, kipimo kinasema umezidi kumbe haujazidi kitu. Ukipunguza hapo unajiibia. Asubuhi zikishapoa unakuta zimelala njaa. Tairi hupimwa asubuhi, gari halijasogea, mkono wako ukizigusa ziwe baridi kama sufuria lililolala nje. Zikiwa moto, hata kipimo kiseme nini, usitoe upepo. Ngoja.

Na ile ya mbele kulia ilikuwa na ugonjwa wake mwingine, valvu yake ilikuwa inavuja polepole. Nilijua. Nilikuwa nimeshaitemea mate nikaona yanatoa povu. Nikasema nitanunua nyingine mwisho wa wiki.

Asubuhi nikaondoka giza halijaisha, sikuitazama. Nilipofika kwa nyanya yako jua limeshapanda. Nikasimamisha gari nje ya ua, kama inavyompasa mkwe, nikasubiri. Ukatoka wewe unakimbia, nyuma yako nyanya na kikapu cha wimbi na ndizi mkungu mzima. Majirani wakatoka pia kuona gari. Hapo ndipo nilipoiona tairi. Ilikuwa imekaa chini kama mtu aliyeshiba, tumbo limetoka pembeni. Mtoto mdogo angeiona.

Kipimo kilikuwa kwenye dashibodi. Pampu ya mguu ilikuwa nyuma ya kiti. Kilichotakiwa ni nini? Nichuchumae. Nichuchumae tu pale, nifungue kile kifuniko, nipime, nipampu. Robo saa isingeisha.

Sasa nisikilize, na ukitaka kucheka cheka. Suruali yangu ilikuwa imepasuka nyuma. Kaki, ileile ya kazi, ilipasuka jana yake nikiinua jiwe, kutoka kwenye mshipi kushuka chini, na mama yako ambaye angeishona alikuwa amelala na mtoto mchanga. Nilivaa koti refu juu yake nikasema nani ataona. Nikisimama, haionekani. Nikiinama, koti linapanda, na mama mkwe wangu amesimama nyuma yangu na majirani zake wote.

Mwanangu, wewe unafanya kazi ya kutazama watu wakiwa uchi na kuwasaidia, huenda hutaelewa. Lakini mimi kwa umri ule ningechagua simba. Na hata suruali ingekuwa nzima, sijui. Mwanamume kumgeuzia mkwe wake makalio akiwa amechuchumaa, hapa kwetu, ni jambo watu wataliimba kwenye pombe ya wenzetu wasiosali. Ningeweza kumwambia kijana yeyote awaombe waingie ndani kidogo. Ningeweza kusema nimesahau kitu barabarani, nikaenda na gari hadi konani nikapampu peke yangu. Akili hizo zote zilikuja baadaye, kama kawaida yake.

Nikafanya nini? Niliisogelea tairi nikaipiga teke. Kwa kiatu, hivi, tuk. Nikatikisa kichwa kama mtaalamu. Nyanya yako hakusema kitu, wewe ndiye uliyeuliza, "Baba, nzima?" Nikajibu, "Nzima kabisa."

Halafu manyunyu yakaanza. Nyanya yako alikuwa tayari anapanda nyuma, kwenye bodi, mahali pa mkwe. Alikuwa ametoka kuugua kifua. Mimi ndiye niliyesema apande mbele. Nasema tena, ni mimi. Nilisema nikitazama pembeni, "Mvua itamrudishia homa, akae mbele dirishani, mtoto akae katikati." Alisitasita. Majirani wakamsukuma kwa maneno, panda mama, siku hizi ni siku za magari. Wewe ukakaa katikati yetu ukiwa umefurahi sana.

Tulipoanza kushuka, usukani ulikuwa unavuta kulia. Kila nikiunyoosha unarudi kulia. Hilo nalo ulijue: gari likikuvuta upande, linakuambia kuna mguu unaouma. Simama. Mimi nilijua, na nilikuwa nasema moyoni, nikifika mjini Kisii nitaingia kituo cha mafuta, pale pana watu wa kuchuchumaa kwa niaba yangu. Nilipita mahali pazuri pa kusimama, tena si mahali pamoja tu. Kila nikifikiria kusimama nilifikiria dirisha lile na nyanya yako anayechungulia.

Hatukufika mjini. Kwenye kona moja ya mteremko, udongo umelowa, nikakata usukani na tairi ikabaki. Tairi laini kwenye kona huchomoka kwenye rimu, rimu inachimba ardhi, na hapo wewe si dereva tena. Pikapu lilizunguka likalala ubavu kwenye mtaro, migomba ya mtu ikalipokea. Kioo kilikuwa kila mahali. Ulikuwa hulii, na hilo ndilo lililoniogopesha. Nyanya yako alikutoa kwa dirisha. Ni yeye, si mimi, mimi nilikuwa nimeshika usukani bado, sijui nauendesha kwenda wapi. Akakulaza, akaona mkono umekaa vibaya, akavua kitambaa chake cha kichwa mbele ya watu na mbele yangu, akaufunga kwa vipande vya mgomba. Yeye hakukumbuka kuona haya wakati ule. Alikumbuka mtoto.

Watu walijaa. Na unajua watu. Mmoja akauliza, huyu mama ni nani wa dereva? Akajibiwa, ni mama wa mkewe. "Eeeh! Na alikuwa amekaa mbele?" Halafu nikasikia sauti zinasema chinichini, sasa hapo gari lisianguke kwa nini.

Nilisikia, Moraa. Nilikuwa nimesimama kando ya gurudumu lenyewe, tairi imening'inia nje ya rimu kama ulimi wa ng'ombe aliyechinjwa, na nikasikia wanamtupia yeye. Ilitosha kusema maneno mawili. Tairi ilikosa upepo, niliona nikaondoka nayo. Badala yake nilikaza koti langu kiunoni.

Baba yako mdogo ndiye aliyeleta habari nyumbani, na yeye hupenda habari ikiwa na miguu mirefu. Wazee wakakaa. Nikaulizwa, alikaa mbele? Nikasema ndiyo. Hakuna aliyeniuliza habari ya tairi, na mimi sikujitolea. Watu wa kanisa nao wakasema ajali haina kinga. Ilikuwa na kinga! Ilikuwa kwenye dashibodi, inavuka kona pamoja nasi, imelala ndani ya kile kijaluba chake.

Mbuzi alikuja kutoka Nyamira akivutwa na mjomba wako. Mwekundu, mwenye madoa. Nilikula, mwanangu. Nilipewa pande la mguu nikala, na nikasema Amina.

Wewe ulipoanza shule, mtoto mmoja alikuuliza mkono una nini. Nilikuwa nje nanywa uji. Ukamjibu, "Magokoro alikaa mbele ya gari la baba." Magokoro, ulivyokuwa ukimwita nyanya yako kwa upendo, sasa ukamtaja kama mtu aliyekuchapa. Likizo zikifika ukawa unakataa kwenda kwake. Mama yako akilia, mimi nasema muache mtoto, ataenda akikua. Hukwenda. Umekua mpaka umekuwa mkunga, na yule aliyekutoa kwa dirisha humjui ila kwa jina baya nililomwachia. Hilo ndilo linaloniuma kuliko mkono. Mfupa ulijiunga hata kama umepinda, lakini wewe na nyanya yako niliwavunja nikaondoka.

Maisha yangu yote nimekuwa mtu wa haya, na angalia nilivyozitumia vibaya. Nilikuwa nazo nyingi pale pasipotakiwa, kwa kitambaa kilichopasuka, na pale palipotakiwa, kumwachia mama mzima mzigo wangu, sikuwa nazo hata kidogo. Mficha uchi hazai, wazee wa Kiswahili wanasema, na wewe kwa kazi yako unajua hilo kwa macho.

Sasa nikuambie ya juma lililopita, maana ndiyo yaliyonikalisha hapa. Mama yako alisema, "Moraa anaondoka, na mama yangu hatakuja kumtemea baraka. Utaishi na hilo?" Hakujua alivyokuwa akinichoma. Nikaenda Nyamira. Sikuingia ndani, nikasimama nje ya ukuta wa jikoni kama inavyotakiwa, yeye akiwa ndani anapepeta wimbi. Nikasalimia ukuta. Nikasema yote kwa ule ukuta, tairi, koti, teke, mbuzi. Ungo ukanyamaza. Nikafikiri amekwisha toka kwa mlango wa pili.

Halafu akasema, "Niliiona."

Nikauliza, "Uliona nini, mama?"

"Gurudumu. Limelala. Nikasema, dereva ni yeye, atajua."

Nilishika nguzo ya paa. Nikamuuliza kwa nini basi hakuwaambia wazee, kwa nini alitoa mbuzi wake.

"Ningewaambia nini?" akasema. "Ili niseme nililiona gurudumu, ingebidi niseme nilikuwa nakutazama. Mkwe wangu, tena na hiyo suruali." Akamalizia, "Nilitoa mbuzi."

Lo! Kumbe na suruali aliiona! Miaka yote hii nimejificha kwa kitu kilichoonekana tangu asubuhi ya kwanza, na yeye akanifichia pia.

Nilianza kuomba radhi, maneno yananitoka hovyo, na akanikatiza. Alisema, "Ungeniambia tu nigeuke. Ningegeuka nikatazama migomba. Ningekaa nimegeuka hata mpaka jioni." Alisema polepole bila hasira, na ungo ukaanza tena. Nililia pale nje, mtu mzima, kuku wananitazama.

Nikamwomba aje hiyo kesho ya safari yako. Akasema atakuja, kwa sababu yako. Lakini akaongeza, "Usiniombe radhi kwa ukuta. Waambie wale waliokula mbuzi wangu."

Kwa hiyo kesho asubuhi, kabla ya maombi ya safari, wote watakuwa hapa uani. Baba yako mdogo, wazee, mjomba wako atakayemleta nyanya. Nimewaza nitakavyosema na nimeona nikianza na hotuba nitateleza, nitasema barabara, nitasema mvua, nitasema Shetani. Ninajijua. Nimeamua kuanza na tairi.

Nitachuchumaa. Pale mbele kulia, watu wote nyuma yangu, nyanya yako akiwemo. Nitamwomba ageuke, na sijui atageuka kuelekea wapi, mradi migomba ipo. Suruali ni mpya, ya kwenda kanisani, mama yako ameshaikagua mshono. Nitafungua kifuniko cha valvu, nitapima, nitaisoma ile namba kwa sauti, na nikiwa bado nimechuchumaa nitasema ya siku ile. Nafikiri nikiwa chini nitaweza. Nikisimama tu nitakuwa tena yule wa koti.

Kisha nitakupeleka mjini na pikapu, ukapande basi. Nyanya yako atakaa mbele, dirishani. Wewe katikati.

Huko uendako ni joto na mchanga. Watakuambia upunguze upepo ukiingia mchangani, na ni kweli, tairi laini hukanyaga mchanga kwa unyayo mpana isizame. Lakini ukitoka mchangani ukakuta barabara ngumu, simama urudishe upepo kabla ya kukimbia, hata kama mama mwenye uchungu analia nyuma. Ukiibebea zahanati mzigo mzito, ongeza tairi za nyuma. Kiasi chake kimeandikwa kwenye kitabu cha gari, usiulize mtu anayejibu haraka. Pima na ya akiba, kwa maana hiyo hutaona kosa lake mpaka siku unayoihitaji. Na mahali popote, mbele ya mganga mkuu, mbele ya padri, mbele ya wazee wa huko na desturi zao, chuchumaa. Waambie wageuke. Atakayekataa kugeuka, aibu ni yake.

Kipimo changu nimekifunga ndani ya leso pamoja na barua hii. Ni kilekile. Nitaviweka juu ya sanduku lako kabla ya chakula, na najua huwezi kuona kifungo usikifungue, kwa hiyo leo hii utakuwa umeshasoma. Nimefanya hivyo makusudi, mama. Nikikupa barua hii basi likiwa linaondoka, kesho asubuhi nitapata njia ya kukwepa. Sasa sina. Kuna mtu mmoja uani atakayejua.

Kipimo ni chako, lakini kesho toka nacho mkononi, nitakuomba mbele ya watu. Na ukiniona nimeisogelea tairi ile, nimesimama, nimekaza koti, mguu umeanza kuinuka, usinihurumie hata kidogo. Niite kwa sauti nyanya yako asikie:

"Baba, chuchumaa."

Baba yako